Kifundo Kisichofunguka

Tumelelewa tukiambiwa kwamba chema ni kile kisichobadilika: ahadi isiyovunjika, undugu usiokatika. Siku hizi nautilia shaka usemi huo, na sababu yenyewe ni tairi. Usicheke.

Utomvu unaogemwa katika shamba la Kihuhwi, kule Muheza, ukipata joto hunata, ukipata baridi hukakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukipikwa na salfa unakuwa mpira kamili, wa kuvutika na kurudi. Nyuzi ndefu zilizokuwa zikiteleza ovyo ndani yake zinafungwa pamoja kwa vifundo vya salfa, tairi zima likawa kama wavu mmoja. Ndiyo nguvu yake, ndilo na balaa lake. Ndoo ya plastiki ukiipasha inayeyuka, unafinyanga nyingine. Tairi haliyeyuki, linaungua tu, mtaa mzima unakohoa.

Kwa hiyo fundi wa katambuga pale Ngamiani halibembelezi. Anatia kisu, anakata soli, anapiga misumari, na tairi linapata maisha ya pili. Ya tatu hayapo. Katambuga zikichakaa zinakwenda jaani na wavu wake bado umekaza vilevile. Sasa, tuna haki gani ya kuwaachia wajukuu vitu tulivyovifunga sisi, wao wasiweze kuvifungua?

Mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake huko Ufaransa walitangaza plastiki ya namna nyingine, vitrima. Nayo ni wavu, ila vifundo vyake vikipata joto la kutosha hubadilishana wenza: mkono hauachi mkono mpaka umeshika mwingine. Vifundo havipungui, wavu haukatiki, na bado kitu kizima chafinyangwa upya. Tangu hapo wataalamu wanajaribu mbinu hiyo kwenye mpira pia.

Nilipomweleza shangazi akasema, "Huo si uaminifu mwanangu, huo umalaya."

Nilicheka, lakini hoja yake nzito. Nikamjibu kwa mji wetu wenyewe, huu wa waja leo waondoka leo. Manamba walioletwa kukata mkonge kutoka Kigoma, Songea, hata Burundi, mikataba ilipokwisha wengine hawakurudi. Wakaoa hapa, wakapata mashemeji na watani, wakazikwa hapa. Kifundo cha kwao kililegea huku kingine kikishikwa Tanga. Mji haukusambaratika, bwana.

"Na waliobaki kule wakingoja?" akauliza.

Hapo nilinyamaza. Maana hata wataalamu tatizo lao ni hilohilo. Tairi linalokimbia kwenda Segera jua la saa nane linapata moto. Vifundo vikianza kubadilishana humohumo barabarani, litalegea na abiria wamo. Lazima vilikatae joto la safari, vilikubali la kiwandani tu. Kwa mpira, joto hilo lapimika. Lakini manamba aliyeacha mke na watoto Kigoma akaoa Muheza, lake lilikuwa la kiwandani au la barabarani?

Shangazi, ambaye mzee huyo ni babu yake mzaa baba, anasema la barabarani. Mimi bado namtetea.