Shukrani ya Mgonjwa Si Cheti cha Hospitali

Lipo jibu moja ambalo limenichosha. Mtu wa Kilambo, huku kwetu mpakani mkoani Mtwara, akilalamika kwamba dawa zimekwisha zahanati, au kwamba mjamzito ametakiwa aje na glovu zake, hakosi wa kumwambia: “Mbona wenzetu wa ng’ambo wanavuka mto Ruvuma waje kutibiwa huku, na wanashukuru?” Wanashukuru, kweli. Mtu aliyetoka Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ambako vita vilivyoanzia Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimechoma zahanati na kuwakimbiza waganga, akikuta nesi yuko zamu, tena anamsemesha Kiswahili badala ya Kireno, kwa nini asishukuru? Ila shukrani hiyo inatueleza habari za alikotoka. Ya hapa alipofika haijayagusa.

Jambo hili si la mpakani kwetu tu. Mwaka 2002 mchumi Amartya Sen alionyesha kituko cha India: watu wa Kerala, jimbo lenye umri mrefu wa kuishi kuliko mengine, ndio waliosema wanaugua mno, na wa Bihar, wanaokufa mapema, wakasema hawajambo. Marekani nayo ikaizidi hata Kerala kwa kulalamika. Anayesoma hesabu hiyo bila kufikiri atashauri watu wahamie Bihar wakapone! Aliyezoea daktari, kipimo na maelezo anajua lipi limekosekana. Asiyewahi kuvipata atalihesabu vipi pengo? Na pale Shirika la Afya Duniani lilipopanga nchi kwa ubora wa mifumo ya afya mwaka 2000, Italia ilishika nafasi ya pili, ilhali Waitaliano wenyewe walikuwa miongoni mwa watu wasioridhika zaidi na huduma zao katika Ulaya Magharibi.

Basi, atasema mpinzani wangu, kama ni hivyo maoni ya wagonjwa ni upepo, tuwaachie wataalamu. Hapana. Mgonjwa anajua yaliyomtokea. Kosa ni letu tunaomuuliza kama ameridhika, tena tukamuuliza akiwa bado getini. Utafiti uliofanyika mkoani Tanga kwa kinamama waliojifungulia katika vituo vya Korogwe na Muheza umetufundisha jambo hili vizuri. Walipoulizwa wakati wa kutoka, takribani 19 kati ya 100 walisema walifokewa, walipuuzwa au walitendewa vibaya kwa namna nyingine. Baadhi yao walipofuatwa nyumbani wiki kadhaa baadaye, idadi ikapanda hadi 28. Nani atamsema mkunga akiwa angali mikononi mwake, na mtoto bado hajapewa chanjo zote? Kwa hiyo hata hiyo shukrani ya ng’ambo tunayojivunia, sehemu yake ni adabu ya mgeni, na nyingine ni woga wa mtu ambaye kesho atavuka tena kuomba msaada.

Hoja iliyobaki ina uzito zaidi: malalamiko yanamvunja moyo nesi aliye peke yake na foleni ya watu. Ni kweli, hasa yakimwangukia yeye. Lakini mama anayelalamikia glovu anamsemea na nesi, ambaye naye hana glovu za kuvaa. Na serikali iliyotamka kwamba wajawazito na watoto chini ya miaka mitano watibiwe bure ndiyo inayodaiwa hapo. Kulinganisha mgonjwa wa Mtwara na wa Palma, kule ng’ambo, kunafaa, mradi wote wawili waulizwe maswali yaleyale, nyumbani kwao, na mtu asiyevaa koti jeupe: ulisubiri muda gani, ulielezwa ugonjwa wako, ulinunua nini kwa fedha yako, ulifokewa? Akijibu kwamba alinunua glovu, basi alinunua, hata kama aliondoka akishukuru.