Je, Mashini Itatupa Uzima?
Mwaka 2012 Mmarekani Robin Sloan alitoa kitabu cha hadithi chenye kuchekesha, nacho chatufundisha. Kijana Clay apata kazi ya usiku katika duka la vitabu mjini San Francisco. Wateja wake ni wazee wa chama cha siri. Kwa miaka 500 watu wa chama hicho wanahangaika na kitabu cha mafumbo cha Aldus Manutius, mchapaji wa Venezia aliyefariki mwaka 1515. Wadhani kina siri ya kutokufa. Kompyuta nyingi za Google zajaribu, zashindwa. Ndipo Clay azitazama herufi za kuchapia, aona alama ndogo zilizokatwa juu yake. Kumbe, zaficha shukrani ya mchonga herufi kwa rafiki yake!

Basi, tuzidharau mashini? Hapana, ni watumishi wema. Lakini tujiulize: wazee wale walitafuta uzima mbali, hali wenzao walikuwa kando yao kila siku. Sisi nasi je? Mwenzetu aliye karibu, tumemshukuru leo?