Kuondoka kwa Heshima

Januari 12, 2010, tetemeko la ardhi liliangusha Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Mashirika ya misaada yakamiminika, Oxfam ya Uingereza ikiwemo. Mwaka uliofuata makao makuu yake yakapata habari kwamba baadhi ya watumishi, mkurugenzi wa Oxfam nchini Haiti akitajwa, wanaingiza wanawake wanaojiuza kwenye nyumba za shirika. Uchunguzi ukafanyika. Wanne wakafukuzwa, watatu wakajiuzulu. Mkurugenzi, kwa kuwa alitoa ushirikiano, akaachwa aondoke taratibu na kwa heshima zake.

Haukupita muda mrefu akapata kazi Bangladesh katika shirika jingine, ambalo baadaye lilisema liliulizia Oxfam kabla ya kumwajiri na halikuonywa. Kumbe hata kabla ya Haiti, mwaka 2004 huko Liberia, aliwahi kuacha kazi katika shirika la tatu baada ya kuchunguzwa kwa tuhuma za namna hiyohiyo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Februari 2018 gazeti la The Times likaanika mambo yote. Maelfu ya wachangiaji wakasitisha michango yao, Oxfam ikakubali kutoomba fedha mpya za serikali ya Uingereza, na Juni mwaka huo Haiti ikaifutia kibali Oxfam ya Uingereza.

Funzo liko kwenye ofisi ya ajira. Watumishi wa mashirika haya huhama nchi hadi nchi kila maafa yanapotokea, na kila dharura meneja anataka mtu apande ndege wiki hiyohiyo. Majibu ya mdhamini yanarudi na mistari miwili: cheo, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Faili linafungwa, mtu anasafiri. Mistari hiyo miwili haimlindi mwanamke yeyote kambini.

Tangu 2019 yapo mashirika yaliyokubaliana kuulizana kwa maandishi kama mwombaji alikutwa na kosa la unyanyasaji wa kingono katika miaka 5 iliyopita. Shirika lako lijiunge nayo. Na mtu akijiuzulu uchunguzi ukiendelea, pokea barua yake, lakini kamilisha uchunguzi na uweke matokeo kwenye faili lake. Mwajiri mwingine akikuuliza kesho, mwambie ukweli. Ukinyamaza, umemhamishia mwenzako hatari unayoijua, na watakaoumia ni walewale mliokwenda kuwasaidia.