Niliona Jezi

Kuna tamthilia ya Uingereza inaitwa Law & Order: UK, iliyorushwa na ITV kuanzia 2009 hadi 2014. Mpangilio wake ni uleule: nusu ya kwanza polisi wa London wanamsaka mtuhumiwa, nusu ya pili waendesha mashtaka wanahangaika na kesi mahakamani. Wengi tunapenda nusu ya kwanza. Kuna mbio, kuna pingu. Ya pili ni watu wa suti wanaulizana maswali. Mimi nimeishia kuipenda hiyo ya pili, na sababu iko Ruangwa.

Msimu mmoja wa ufuta nilitoka Nachingwea kwenda kumsaidia mjomba kuvuna. Usiku magunia matatu yakaondoka. Nilitoka nje, mbalamwezi imewaka, nikaona mtu anakatiza kwenye mikorosho na jezi nyeupe, namba 10 mgongoni. Kijijini tulijua jezi ile ya nani. Kituoni nikaulizwa, "Ulimwona?" Nikasema nilimwona, nikataja jina, nikatia saini. Kijana akakamatwa.

Siku ya kesi, wakili wa serikali aliniuliza swali moja tu: "Uso wake uliuona?"

Yaani ndipo nilipogundua kwamba sikuuona. Niliona jezi. Jina niliweka mwenyewe, na wala sikuwa nadanganya, niliamini kabisa. Magunia hayakupatikana, shahidi mwingine hakuna. Kesi ikaondolewa.

Mjomba alisema, "Wamekula hela hao." Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kubishana naye. Nilinyamaza.

Uingereza kwenyewe, kabla ya 1986, polisi waliopeleleza ndio mara nyingi walioshtaki. Kwetu pia, kwa miaka mingi askari alisimama mahakama za chini kama mwendesha mashtaka. Ikaja sheria ya 2008 ya kutenganisha kazi hizo, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikawa ofisi inayojitegemea. Sidhani maana yake ni kwamba polisi ni wabaya. Aliyekesha akimsaka mtu anatamani awe amempata kweli. Ni ubinadamu. Mimi nilitoka nje mara moja tu na tayari nilitamani. Ndiyo maana swali la pili lazima liulizwe na mtu ambaye hakukesha.

Lakini nisijifanye mtakatifu. Ufuta uliibwa kweli. Ulikuwa ada ya shule ya mtoto, na hakuna aliyeurudisha. Huenda kijana yule ndiye aliyeuchukua. Tukisema afadhali mwenye hatia aachiwe kuliko asiye na hatia afungwe, tunasema kana kwamba gharama hiyo inalipwa na taifa. Hapana. Ililipwa na mjomba, kwa magunia matatu. Mimi nilitoka na dhamiri safi, na hata nauli ya kurudi Nachingwea alinipa yeye.

Bado naamini wakili alifanya haki. Ila sijawahi kumwambia mjomba kwamba aliniuliza nini, na mimi nilijibu nini. Mpaka leo anajua hela ililiwa. Kwenye tamthilia shahidi akishajibu hatumwoni tena. Mimi kila msimu wa ufuta narudi kuvuna, na yule kijana tunasalimiana njiani.