Mtumbwi wa Kabatini
Kuhifadhi mtumbwi mdogo wa kuchonga si kazi kubwa. Usiufunge kwa nailoni, unyevu utabaki ndani uote ukungu. Tumia kitambaa cha pamba, uweke mbali na jua, uuchungulie mara kwa mara: ukiona unga unga, wadudu wameshaingia. Wangu uko hivyo kabatini, Nairobi, miaka 6 sasa. Babu aliuchonga Chara. Leo hachongi tena, macho yamekataa.

Lakini ninamwekea nani? Kwetu, kwenye delta ya Tana, mtumbwi ni kitu cha kuisha: unavusha watu, unavua kambare, unaoza, unachongwa mwingine. Na mafuriko ya 2023 hayakuuliza nani ametunza vyake vizuri. Makumbusho ya Lamu yana mifano ya majahazi, pale mtu anaingia anajifunza kitu. Wangu unamfundisha nani, gizani?

Mpwa wangu wa miaka 5 anautaka akauelee kwenye karai. Utavunjika, najua. Ila nikimnyima, atakua akidhani mtumbwi ni kitu cha wakubwa kuficha, na hiyo, kusema ukweli, ndiyo hasara ninayoiogopa zaidi.

Nimeupima kwa rula: sentimita 31. Picha nimepiga pande zote. Jumamosi naufungua.