Damu Inayoonekana

Mtu akigongwa na bodaboda na damu ianze kumtoka mguuni, haipiti dakika kabla hajazungukwa na watu. Mmoja ameleta leso, mwingine anasimamisha gari, wa tatu, kama kawaida yetu, anarekodi kwa simu. Lakini mzee aliyekaa sebuleni, mdomo umelegea upande mmoja na mkono umekataa kuinua kikombe, ataambiwa, "Umechoka, hebu lala kidogo." Donge la damu limeziba mshipa kichwani mwake. Hakuna tone lililomwagika, kwa hiyo hakuna aliyekimbia.

Tofauti hii inanisumbua kwa sababu ya dawa moja, warfarini. Anayeimeza anaishi katikati ya hatari hizo mbili: damu ikiganda upesi mno, kiharusi, ikikataa kuganda, atavuja. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1948 kama sumu ya panya, na mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu. Ini hutumia vitamini K kutengeneza protini zinazogandisha damu, na warfarini huzuia kazi hiyo. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa ale sukuma wiki kwa kiasi kilekile kila wiki, si sahani mbili leo na kesho hata jani. Na si dawa ya wazee pekee. Kuna vijana wa rika letu ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaharibu moyo, wakawekewa vali ya chuma. Hao wataimeza maisha yao yote.

Mwaka 2006, jarida la BMJ lilichapisha utafiti kutoka Ontario, Kanada, kuhusu madaktari wanaotibu watu ambao moyo wao hupiga bila mpangilio. Daktari ambaye mgonjwa wake alivuja damu vibaya akitumia warfarini alipunguza kuwaandikia wagonjwa wengine dawa hiyo. Lakini daktari ambaye mgonjwa wake alipata kiharusi kwa kukosa warfarini hakubadilika. Aliendelea kuandika vilevile.

Kwani hii ni hesabu gani? Nadhani ni hesabu ya lawama. Damu ikitoka, kuna mkono ulioandika dawa, na mkono huo una mwenyewe. Kiharusi kikija, tunasema ni umri, ni presha, ni mipango ya Mungu. Tunaogopa zaidi madhara tuliyoyafanya kuliko yale tuliyoyaacha yatokee. Ninaielewa hofu hiyo. Ila ni hofu inayomlinda mwandikaji dawa. Aliyelala kitandani hawezi kunyanyua mkono, na hajali kama uliondolewa na kitendo au na kimya.

Hata katika dharura yenyewe, kuzuia damu si jambo jema lisilo na gharama. Mgonjwa akiletwa anavuja vibaya, warfarini husimamishwa na hutiwa vitamini K mshipani. Lakini hiyo huchukua saa kadhaa, maana ini lazima litengeneze protini upya. Palipo na protini zenyewe, zilizokusanywa kutoka kwa damu ya wachangiaji na kukaushwa, kazi hufanyika kwa dakika. Pasipo nazo, hutafutwa plazma iliyogandishwa, iyeyushwe kwanza, na mifuko mingi. Na kama ana vali ya chuma, kila hatua ya kuigandisha damu inaisogeza vali karibu na donge. Daktari hachagui kati ya hatari na usalama. Anachagua hatari ipi itangulie.

Halafu damu inakoma, na swali gumu linaanza: dawa irudishwe? Hapa ndipo familia hukaa kikao. Shangazi anasema, "Hiyo dawa ilitaka kumuua, tupeni." Kwa wagonjwa wengi waliovuja tumboni, kwa mfano, kuirudisha baada ya muda ambao daktari amepima huleta faida kuliko kuiacha kabisa. Lakini nani atamwambia shangazi? Yeye aliziona shuka zilizolowa damu. Kiharusi ambacho hakikutokea hajakiona, na hatakiona kamwe.

Bado siwezi kumwita shangazi mjinga. Anauliza jambo ambalo sisi wapenda takwimu tunaliruka: hii dawa mnayomrudishia, mtamchunga vipi? Warfarini hutaka kipimo cha INR mara kwa mara, na kwa wengi kiwango kinatakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Kama kipimo kiko safari ya matatu mbili kutoka nyumbani, na nauli ni ya unga, hatari imebadilika. Kidonge ni kilekile, lakini anayekimeza anaishi pengine. Kumwandikia dawa bila njia ya kupimwa, na bila damu ya kutosha kwenye benki ya damu siku atakapovuja, ni kumkopesha kwa riba asiyoijua.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: anayeogopa kutenda asijione msafi, na anayetenda asidhani kazi imeisha kwenye karatasi ya dawa. Sisi wengine pia tumo. Plazma ile haitoki kiwandani, inatoka mkononi mwa mtu aliyejitolea. Nchini kwetu, kwa miaka mingi, mzigo huo umebebwa sana na wanafunzi wa sekondari. Watu wazima wenye afya na mishahara tumekaa tu, tukingoja ujumbe wa "damu inahitajika haraka" kwenye WhatsApp.

Na kama nyumbani kwenu kuna anayemeza dawa hizi, mjue jina lake na muibebe pakiti mkienda hospitali, kwa sababu dawa mpya za kundi hili hazitibiwi na vitamini K. Choo kikiwa cheusi kama lami, au akigonga kichwa hata kama haoni damu, msingoje asubuhi. Hasa kama haoni damu.