Kabla Hujaliamini Kasha

Mpwa wangu, umeniuliza kwa mara nyingine kama ununue ile kadi ya Stephen Curry, mchezaji wa mpira wa kikapu, na safari hii umeongeza neno unalodhani litanifunga mdomo: "Mjomba, imeshathibitishwa." Halijanifunga. Nimechoka, hilo silifichi, maana haya nimekwisha kuwaambia kaka zako na vijana wengine wa hapa Columbus ambao mshahara wa ghalani unaishia kwenye vipande vya karatasi ngumu vya inchi mbili na nusu kwa tatu na nusu. Nitayasema tena, taratibu. Ninachokuomba ni uyasome mpaka mwisho kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa.

Tuanze na kazi yenyewe ya kuthibitisha kadi inavyofanyika, kwa sababu naona wengi mnaisifu bila kuijua. Mwenye kadi anaingia kwenye tovuti ya kampuni ya kupima kadi, anaeleza ni kadi gani, anataja thamani anayoikadiria, analipa ada, kisha anaituma kwa posta. PSA ya California, iliyoanza mwaka 1991, ndiyo kubwa kuliko zote. Zipo pia Beckett, SGC na CGC. Huko mtaalamu anaiweka kadi chini ya taa na lenzi. Anatazama kama ni chapa ya mtengenezaji mwenyewe au nakala iliyochapwa baadaye. Anaipima ajue kama kingo zimekatwa ili zionekane mpya. Anatafuta kona zilizopakwa wino na mikunjo iliyokandamizwa ikalala. Ikipita hapo anaipa gredi, kuanzia 1 hadi 10, kwa kuangalia picha ilivyokaa katikati, hali ya kona, kingo na uso wake. Kisha kadi inafungiwa katika kasha gumu la plastiki lenye lebo na namba.

Kwa hiyo ulichonacho mkononi ni maoni ya mtu mwenye ujuzi, aliyeitazama kadi kwa muda mfupi huku nyingine zikimngoja. Ujuzi huo nauheshimu, wala sikwambii uupuuze. Lakini mtu huyo anachoka kama mimi. Mwaka 2021, watu walipokuwa majumbani kwa sababu ya korona na kila mmoja akakumbuka sanduku lake la utotoni, kadi zilifurika mpaka mwezi Machi PSA ikasimamisha kupokea kazi katika huduma zake nyingi. Mamilioni ya kadi yalikuwa yamelundikana yakisubiri zamu. Hebu jiweke mahali pa yule aliyekaa na lenzi yake asubuhi hadi jioni mbele ya lundo hilo, halafu useme kama ungeweka akiba yako yote juu ya uamuzi wake mmoja.

Nikupe kisa, na hiki usikipite mbio. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilitia kadi za wachezaji wa besiboli ndani ya paketi za sigara. Mmoja wao alikuwa Honus Wagner wa Pittsburgh. Kadi yake ilisimamishwa mapema. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili ya picha yake, na wapo wanaosema alitaka alipwe. Vyovyote iwavyo, zilizobaki ni chache mno. Moja kati ya hizo ilikuwa safi kupita zote, kingo zake zimenyooka kama imetoka kiwandani jana. Mwaka 1991 Wayne Gretzky, yule bingwa wa hoki, na mwenzake Bruce McNall waliinunua katika mnada wa Sotheby's kwa dola 451,000. PSA ilikuwa changa wakati huo, na hiyo ndiyo kadi ya kwanza kabisa waliyoipa gredi. Wakaipa 8, jambo ambalo hakuna Wagner mwingine aliyelikaribia.

Kadi hiyo ikawa ndiyo tangazo la biashara nzima. Ikauzwa na kuuzwa tena, na kila mara bei ikapanda, hadi mwaka 2007 ilipofika dola milioni 2.8. Miaka yote hiyo wazee wa kazi hii walikuwa wakinong'ona kwamba kingo zile ni nzuri mno kwa karatasi iliyopita kwenye paketi ya sigara. Walioliangalia kasha hawakuwasikiliza. Halafu mwaka 2013 Bill Mastro, dalali mkubwa wa minada aliyeipata kadi hiyo miaka ya themanini na kuiuza, alisimama mahakamani Chicago akakiri kosa la ulaghai, hasa la kupandisha bei minadani kwa zabuni za uongo. Katika kukiri huko akakubali pia kwamba ni yeye aliyezikata kingo za Wagner. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20.

Umeona uzito wake? Kadi iliyokatwa haistahili gredi ya kawaida hata kidogo. Ndiyo sheria ya kampuni hizi zote. Na kadi ya kwanza kupitia mikononi mwa PSA, kadi iliyotazamwa kuliko nyingine yoyote duniani, ilipita ikiwa imekatwa. Sikisimulii kisa hiki ili niwachafue watu wa PSA. Wamejifunza mengi tangu hapo, na vifaa vyao leo si vya mwaka 1991. Nakisimulia kwa sababu walioinunua kadi ile ikiwa kashani ni watu wenye pesa kuliko wewe, wenye wanasheria kuliko wewe, nao walitegemea kasha kama unavyotaka kulitegemea.

Kuna jambo moja hapa linanisumbua kuliko mengine. Ukienda na bangili kwa sonara wa Mombasa akakwambia ni karati 21, unaweza kuipeleka kwa sonara mwingine wa Muscat akaipima upya, na dhahabu ikajibu vilevile. Gredi ya kadi haijibu hivyo. Watu wamevunja makasha, wakaituma kadi ileile mara ya pili na ya tatu, na imerudi na namba tofauti bila kubadilika hata chembe. Wapo wanaofanya hivyo kama kazi, wakiwinda ile namba ya juu. Na pesa zote zimo ndani ya tofauti hiyo. Kadi ya Michael Jordan iliyotolewa na kampuni ya Fleer mwaka 1986, ikiwa na gredi 10, iliuzwa kwa dola 738,000 mwezi Januari 2021. Yenye 9 ilikuwa ikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo, na kinachozitenga mbili hizo mara nyingi ni doa ambalo wewe na mimi hatulioni bila lenzi. Tena bei hiyo haikukaa: mwaka haukuisha kabla kadi za namna hiyohiyo, zenye 10 hiyohiyo, hazijauzwa chini ya nusu yake. Waliokopa ili wainunue mwezi ule walibaki na kasha zuri na deni.

Uangalie pia nani anamlipa nani. Ada ya kupima hupanda kadiri thamani ya kadi inavyopanda, kwa hiyo mpimaji hufaidika kadi inapokuwa ya bei kubwa. Kampuni mama ya PSA ilinunua nyumba ya mnada ya Goldin mwaka 2021, ikaja kuiuza kwa eBay mwaka 2024. Mwaka huohuo wa 2024 ikainunua SGC, iliyokuwa mshindani. Sisemi kwamba kuna hila. Nasema kwamba mtu anayepima mali, anayeihifadhi na aliyewahi kuipigia mnada akiwa chini ya paa moja, mnunuzi mdogo inambidi awe macho zaidi, si apumzike zaidi.

Na hapo bado hatujafika kwa matapeli wenyewe. Zamani walighushi kadi. Sasa wanaghushi kasha, kwa sababu wamejua kwamba nyinyi hamuangalii kilichomo ndani. Mwezi Mei 2024 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki wanaume wawili wa jimbo la Washington kwa kuuza kadi, zikiwemo za Jordan, zilizobandikwa gredi za uongo, katika mpango waliosema ulizidi dola milioni 2. Ujanja ni mwepisi. Tapeli anachukua namba ya kweli kutoka kwenye picha ya kasha la kweli, anaichapa kwenye lebo yake, anafungia humo kadi feki au kadi halali ya hali duni. Wewe unaingiza namba kwenye tovuti ya kampuni, inakuletea jina la kadi na gredi yake, unafurahi. Namba ni ya kweli, lakini kadi yake imo kabatini kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, mpwa wangu, ukishaingiza namba usiishie hapo. Kadi nyingi zilizopimwa miaka ya karibuni zina picha kwenye kumbukumbu ya kampuni. Ifungue, uiweke kando ya picha ya muuzaji, na ulinganishe vitu ambavyo tapeli hawezi kuvinakili: upana wa ukingo mweupe kushoto na kulia, kinukta cha wino kilichoanguka pasipo pake, namna kadi ilivyolala ndani ya kasha. Kagua maungio ya plastiki. Kasha lililofunguliwa kwa moto au kisu na kugandishwa tena huacha weupe kama ukungu kwenye mshono, au vijinyufa kwenye kona. Muuzaji mwaminifu atakutumia picha za kona zote nne ukimwomba. Anayekujibu kwa hasira, au anayekuharakisha kwamba kuna mteja mwingine njiani, huyo muage.

Ukinunua kadi isiyo na kasha, tafuta lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, si ghali. Kwenye kadi halisi nyingi picha imetengenezwa kwa vinukta vya rangi, lakini maandishi meusi na mistari huwa wino mzito uliojaa. Nakala iliyopigwa picha na kuchapwa upya huonyesha vinukta hata ndani ya herufi. Na kadi ya zama za Wagner ukiimulika kwa taa ya urujuanimno ikang'aa kwa bluu kali, jihadhari sana, kwa kuwa karatasi za siku zile hazikutiwa kemikali za kung'arisha.

Ile huduma ya eBay ya kuhakiki kadi, iliyoanza Januari 2022 kwa kadi za dola 750 na kuendelea na baadaye ikashushwa hadi 250, naikubali. Muuzaji hatumi kadi kwako, anaituma kwanza kwa wahakiki. Wao wakiridhika ndipo inakuja kwako. Inazuia wizi mwingi wa kijinga. Basi usikubali muuzaji akutoe humo. Atakwambia, "Tumalizane pembeni, nitakupunguzia," kisha atataka umlipe kwa ile njia ya kutumiana pesa ndugu na marafiki, isiyo na ulinzi wa mnunuzi. Punguzo hilo ndilo bei ya haki yako ya kudai.

Soma na dhamana za hizi kampuni za gredi. Zipo, na zingine ni nzuri: wakikosea juu ya uhalisi au gredi, wanaweza kukufidia. Lakini dhamana hukaa na kasha. Ukilivunja, au likionekana limechezewa, imekwenda. Na makosa ya wazi ya uchapaji wa lebo hayamo.

Sasa nije kwa Curry wako, kwa sababu najua ndiye aliyekunyima usingizi. Mwezi Juni 2009, katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam aliitwa wa pili na Memphis. Wa pili! Curry aliitwa wa saba. Msimu ule wote wawili walitolewa kadi, na aliyetabiri kwa kufuata namba za uteuzi angemnunua Thabeet. Mwaka 2021 kadi moja ya Curry ya msimu huohuo, ya pekee duniani, iliuzwa kwa dola milioni 5.9. Za Thabeet nyingi unazipata kwa bei ya chakula cha mchana, na baadhi zina gredi safi kabisa. Wapimaji hawakukosea juu yake. Kadi ni halisi, kona ni kali, kasha limefungwa sawasawa. Ila hakuna mpimaji anayekuambia goti litahimili misimu mingapi, wala kocha atampa nani dakika za kucheza, wala watu watapenda nini miaka kumi ijayo. Kijana unayemtaka, mwekee pesa kwa ajili ya raha ya kumtazama. Kama ungeuliza ushauri wangu kwa upendo tu, ningekwambia ununue Thabeet mmoja kwa ajili ya mama yako, aliyekuwa akikesha kutazama mechi zake.

Curry, kama bado moyo umeshikilia, nenda naye hivi. Tenga kiasi ambacho kikipotea kodi ya nyumba haitayumba. Ada ya chuo ya mdogo wako usiiguse. Bei usiichukue kwenye matangazo ya wauzaji, iangalie kwenye mauzo yaliyokwisha kukamilika, ya gredi ileile na kampuni ileile, na uangalie kadhaa, si moja iliyokwenda juu. Andika daftarini tarehe, bei, namba ya kasha na jina la muuzaji. Mali bila daftari huisha bila habari. Kifurushi kikifika, washa kamera ya simu kabla hujakata gundi, na upige video bila kukatiza tangu lebo ya posta mpaka kasha liko mkononi na namba inasomeka. Linganisha na picha ulizohifadhi siku hiyohiyo hata kama umetoka zamu ya usiku, kwa maana siku za kurudisha zinahesabiwa tangu kifurushi kilipofika mlangoni, si tangu ulipopata nafasi ya kukifungua.